Bafa za Uani: Historia ya Picha Zisizoonekana

Kila kitu kinachowekwa mbele ya macho ya watu kina mahali pake pa kutengenezwa ambapo watu hao hawapaoni. Mgeni aliyekaa barazani huletewa sinia ya wali, akala, akashiba, akashukuru. Lakini jiko li uani, na yaliyopita huko kati ya moto na maji hayajui. Wali ukiwa umeungua, mgeni ataisikia harufu ya moshi, walakini hataweza kusema uliungua wakati gani wala kwa kosa la nani. Picha za kompyuta zina desturi iyo hiyo. Ile inayoonekana kwenye skrini ni sinia iliyokwisha kupambwa. Nyuma yake zipo picha nyingine, pengine moja, pengine makumi, zilizochorwa katika kumbukumbu ya mtambo, zikatumika kuitengeneza ile ya mwisho, kisha zikafutwa bila ya jicho la mtu kuziona.

Sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kushika picha huitwa bafa. Bafa ambayo yaliyomo ndani yake hupelekwa kwenye skrini yaweza kuitwa bafa ya barazani. Na ile inayochorwa bila ya kupelekwa huko yaweza kuitwa bafa ya uani. Historia ya bafa za uani husimuliwa aghalabu kama historia ya nguvu: kumbukumbu ilikuwa ghali ikawa rahisi, mitambo ilikuwa mizito ikawa myepesi. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni habari ya makosa. Kitu kisichoonekana kikiharibika hakilii. Na taabu kubwa ya mafundi kwa muda wa miaka hamsini imekuwa kukifanya kitu hicho kiweze kuulizwa, na kikiulizwa kijibu.

Hapo kwanza hapakuwa na uani wala baraza. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora maumbo juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru. Kompyuta ile haikushika picha kamili katika kumbukumbu yake. Ilishika orodha ya nukta na mistari iliyopasa kuchorwa, na mwali wa elektroni ukaichora orodha hiyo upya tena na tena kabla nuru haijafifia. Mambo yakiwa machache picha ilitulia. Yakizidi, ilianza kupepesa. Kosa lolote lilikuwa wazi mbele ya mchoraji, kwa maana hapakuwa na mahali pa kulificha.

Sababu ya kutumia njia hiyo ilikuwa umaskini wa kumbukumbu. Picha yenye vijisehemu 640 kwa upana na 480 kwa urefu ina vijisehemu 307,200, navyo huitwa pikseli. Kila pikseli ikipewa baiti moja tu ya rangi, picha moja hudai baiti 307,200. Siku hizi kiasi hicho hakimshtui mtoto wa shule mwenye simu mkononi; lakini katika miaka ya 1960 kilikuwa mali ya kutisha, na kukitumia kwa picha moja kulionekana kuwa ni israfu.

Aliyethubutu israfu hiyo ni Richard Shoup, mtaalamu wa kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox katika mji wa Palo Alto, California. Mwaka 1973 aliukamilisha mtambo wake ulioitwa SuperPaint. Bafa yake ilikuwa na biti 8 kwa kila pikseli, yaani rangi 256 kwa wakati mmoja, na kumbukumbu yake ilizungusha biti zake mfululizo kama tasbihi mkononi mwa msomaji: aliyetaka kubadili pikseli fulani alingoja zamu yake ifike. Picha mojawapo ya kwanza kuhifadhiwa humo ilimwonyesha Shoup mwenyewe ameshika maandishi ya kusema kwamba mtambo unafanya kazi, kwa namna fulani. Yalikuwa maneno ya mzaha, lakini yalikuwa na unyenyekevu ndani yake ambao fani hii haijaacha kuuhitaji.

Wenye mali hawakuiona thamani ya kazi hiyo. Xerox iliamua kwamba njia yake ni ya nyeusi na nyeupe. Alvy Ray Smith, aliyekuwa akifanya kazi na mtambo ule, aliondoka mapema mwaka 1975 akaenda New York Institute of Technology. Na Shoup naye akaondoka mwaka 1979 akaanzisha kampuni yake. Kabla ya hapo, mwaka 1978, SuperPaint ilikwisha kutumika kutengeneza picha za kuwaeleza watu safari ya chombo cha Marekani kilichopelekwa kwenye sayari ya Zuhura. Mwaka 1983 tuzo ya Emmy ilitolewa kwa Shoup pamoja na Xerox kwa ajili ya mtambo huo. Basi kampuni ikasifiwa kwa mtoto iliyekwisha kumkana.

Bafa ya Shoup ilikuwa ya barazani: kilichokuwamo ndicho kilichoonekana. Uani ulianza kujengwa mwaka 1974. Mwaka huo Edwin Catmull, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utah, alieleza dawa ya swali lililowasumbua wengi: vitu viwili vikisimama kimoja mbele ya kingine, kompyuta itajuaje kipi kionekane? Alisema kila pikseli iwe na namba ya pili, mbali na rangi, ya kuonyesha umbali wa kitu kilichochorwa hapo. Kitu kipya kikija, umbali wake hulinganishwa na ule uliohifadhiwa. Kikiwa karibu zaidi huchorwa na namba yake huandikwa, kikiwa mbali huachwa. Mwaka uo huo Wolfgang Straßer wa Berlin naye alieleza wazo kama hilo katika tasnifu yake. Namba hizo za umbali hukaa katika bafa ya kina, nayo haikukusudiwa kutazamwa na mtu. Inafanya kazi ya mizani: bidhaa huonekana, na hukumu ya mizani hutumika, lakini hapana mnunuzi anayekwenda nyumbani na mizani.

Miaka minne baadaye bafa ya namna hii ilipewa kazi ya ajabu zaidi. Mwaka 1978 Lance Williams, aliyekuwa New York Institute of Technology, alichapisha njia ya kuchora vivuli. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza: kilicho kivulini ni kile ambacho taa haikioni. Basi mandhari na ichorwe kwanza kana kwamba jicho liko mahali pa taa, na picha hiyo ihifadhi umbali tu, wala isionyeshwe. Kisha mandhari ichorwe mara ya pili kutoka mahali pa mtazamaji, na kila sehemu inayoonekana ilinganishwe na picha ile ya kwanza. Kama taa iliona kitu kilicho karibu zaidi katika mstari uo huo, sehemu hiyo imo kivulini.

Hapo ndipo uani ulipopata maradhi yake mashuhuri. Picha ya taa ina pikseli za kuhesabika na namba zisizo sawa kabisa na ukweli. Kwa hiyo uso ulioangazwa vema huweza kuonekana, kwa tofauti ndogo ya hesabu, kana kwamba uko nyuma ya nafsi yake, ukajitupia kivuli. Matokeo yake ni madoadoa na milia juu ya uso uliopasa kung'aa. Williams aliujua ugonjwa huo na kutaja dawa: umbali usogezwe kidogo kabla ya kulinganishwa. Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Ukisogezwa mno, kivuli huachana na mguu wa mwenye kivuli, na mtu huonekana anaelea hewani. Hata leo anayechora vivuli kwa njia hii hukutana na pande hizo mbili za kosa. Jambo la kuzingatia ni kwamba doa linaonekana barazani, lakini chanzo chake ki uani. Na anayelitafuta kosa katika picha ya mwisho peke yake hutafuta sindano mahali ambapo haikuangukia.

Mafundi wa sinema nao walijenga vyumba vyao katika uani huo. Mwaka 1977 Smith na Catmull waliwaza kuongeza kwa kila pikseli namba ya kupima jinsi inavyoziba kilicho nyuma yake, nayo ikaitwa alfa. Na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walichapisha kanuni za hesabu ya kuunganisha picha zilizochorwa mbalimbali zikawa picha moja. Watu hao wanne walitunukiwa kwa kazi hiyo na akademia ya sinema ya Marekani mwaka 1996. Walakini kazi ya sinema ilikuwa na nafasi ambayo kazi nyingine hazikuwa nayo: picha moja iliweza kungojwa kwa saa nyingi, na picha ya kati kuhifadhiwa katika faili na kutazamwa kwa utulivu. Shida ilikuwa kwa yule aliyetaka picha 30 au 60 katika kila sekunde.

Mwaka 1992 kampuni ya Silicon Graphics, pamoja na wenzake, ilitoa kanuni za uchoraji ziitwazo OpenGL, ili programu moja iweze kuchora kwenye mitambo ya watengenezaji mbalimbali. Kanuni hizo zilimtazama mtunga programu kama mchoraji ndani ya dirisha. Dirisha lilikuwa na bafa ya mbele iliyoonekana, na aghalabu bafa ya nyuma iliyochorwa wakati ile ya mbele ikitazamwa, kisha zikabadilishana. Mwenye kutaka picha ya uani aliichora katika bafa ya nyuma, akainakili katika tekscha, yaani picha ya kubandikwa juu ya umbo, kisha akaifuta na kuchora ile aliyokusudia kuionyesha. Ilikuwa kama kupika barazani wageni wakiwa wamefumbwa macho.

Njia hiyo ilikuwa na mtego. Kanuni za OpenGL zilisema kwamba dirisha lina haki juu ya pikseli zake yenyewe tu. Dirisha likifunikwa na dirisha jingine, pikseli zilizofunikwa si zake tena, na yaliyomo humo hayana hakikisho. Basi programu iliweza kufanya kazi salama mezani kwa mtungaji, kisha ikaharibika kwa mtumiaji kwa sababu tu amefungua barua yake juu ya dirisha lile. Picha ya uani ilitoka na tundu, au na kipande cha dirisha la jirani, na hapana kengele iliyolia. Zaidi ya hayo, picha ya uani haikuweza kuzidi ukubwa wa dirisha lenyewe. Sehemu kubwa ya ugonjwa huu iliondoka pale mifumo ya kompyuta ilipoanza kulipa kila dirisha bafa yake ya uani na kuyaunganisha yote mwishoni, kama ilivyofanya Mac OS X mwaka 2001 na Windows Vista mwaka 2007. Ugonjwa wa uani ukatibiwa kwa kuongeza uani.

Kabla ya hapo dawa nyingine ilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya mwisho ya 1990 iliundwa bafa maalumu isiyokuwa na dirisha, iliyoitwa pibafa. Mwaka 1998 iliingizwa katika kanuni za kuunganisha OpenGL na mifumo ya jamii ya Unix, na kwenye Windows ikaja kama nyongeza. Pibafa ilikuwa uani wa kweli, lakini uani wa nyumba ya pili. Kwa kawaida ilidai mazingira yake ya kuchorea, na kila mchoraji alipotoka nyumba moja kwenda nyingine alitozwa ushuru wa muda. Kwenye Windows iliweza hata kupotea kabisa skrini ilipobadilishwa ukubwa, ikabidi mtunga programu akumbuke kuuliza kila mara: je, bafa yangu ingali ipo? Wengi hawakukumbuka.

Baada ya majadiliano marefu, mwanzoni mwa mwaka 2005 baraza la OpenGL lilikubali nyongeza iliyompa mtunga programu ruhusa ya kujiundia bafa za fremu katika mazingira yale yale anayochorea. Bafa hiyo ni kama fremu tupu ya mlango. Mwenyewe huitia mbao: tekscha ya kupokea rangi, bafa ya kupokea kina, na kadhalika. Lakini neno kubwa la nyongeza ile halikuwa wepesi wake. Lilikuwa swali. Kwa mara ya kwanza mtunga programu aliweza kuiuliza fremu yake kama imekamilika, na mtambo ukampa sababu: sehemu fulani ina kasoro, au hapana sehemu iliyofungwa hata moja, au vipimo vya sehemu havilingani, au mtambo huu hauukubali mchanganyiko huo. Mwaka 2008 jambo hili liliingizwa katika kiini cha OpenGL 3.0, na sharti la kulingana vipimo likaondolewa.

Jibu la mwisho kati ya hayo, la mtambo kukataa mchanganyiko, ndilo lililoleta huzuni nyingi. Kwa maana fremu iliyokubaliwa na kadi moja ya michoro iliweza kukataliwa na nyingine, na kanuni ziliruhusu hivyo. Lakini kukataliwa kwa sauti ni bora kuliko kuharibikiwa kwa kimya. Anayeambiwa hapana hutafuta njia nyingine. Asiyeambiwa kitu hudhani amefika.

Hata hivyo fremu kukamilika si sawa na picha kuwa sahihi. Ukamilifu ni ushahidi kwamba vyombo vipo, wala si ushahidi kwamba chakula kimepikwa. Makosa yaliyobaki ni machache kwa majina na mengi kwa kutokea. Mtu huunda tekscha yenye kiwango kimoja, asibadili kanuni ya kuisoma ambayo kwa kawaida hutazamia mfululizo wa viwango vidogo. Tekscha husomwa kuwa nyeusi tupu. Mwingine husahau bafa ya kina. Ulinganisho hupita daima, na kitu cha mbali kikichorwa mwisho hufunika kilicho karibu. Mwingine hubadili bafa asibadili eneo la kuchorea, picha ikaangukia pembeni. Mwingine hasafishi bafa, ikabaki na masalio ya picha iliyopita. Na mwingine huisoma tekscha ile ile anayoiandika, jambo ambalo kanuni hazilipi jibu; leo hufanikiwa, kesho hutoa takataka.

Utaratibu wa kutafuta makosa haya ulipatikana kwa uzoefu. Kwanza mtambo huulizwa kama fremu imekamilika na kama lipo kosa lililoandikwa. Pili bafa hujazwa rangi moja tu, kisha huletwa barazani jinsi ilivyo. Rangi hiyo ikionekana, njia ya kutoka uani ni nzima, na kosa li katika kuchora. Isipoonekana, kosa li katika njia yenyewe. Tatu hatua huongezwa moja moja, na kila moja hutazamwa kabla ya kuongeza ijayo. Roho ya utaratibu huu ni moja: kilichofichwa kitolewe nje kitazamwe. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwa michoro kilio hicho huja mbele ya wageni.

Pengine msomaji atauliza: madoa juu ya kivuli yana uzito gani? Jibu lake limo katika matumizi mengine ya uani. Mnamo mwaka 2002 na 2003 kadi za michoro zilianza kushika katika bafa zao namba zenye sehemu za desimali, badala ya viwango 256 vya rangi peke yake. Wataalamu wa hesabu wakaona mlango. Waliweka namba zao katika tekscha, wakaamuru kadi ichore mstatili mtupu, na jawabu likapatikana katika bafa ya uani. Picha hiyo haikuwa picha ya kitu chochote, ilikuwa hesabu. Mwaka 2004 Ian Buck na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza lugha iitwayo Brook ya kurahisisha kazi hiyo, na mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA ilitoa CUDA, iliyomwondolea mhesabuji haja ya kujifanya mchoraji. Mwaka 2012 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto walitumia kadi mbili za michoro kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha, na ushindi wao ukafungua mlango wa elimu ya akili bandia inayozungumzwa leo.

Katika hesabu ya namna hiyo jicho haliokoi mtu. Kivuli chenye madoa hujishtaki chenyewe. Namba iliyokosewa hufanana na iliyo sahihi kama pacha na pacha. Masalio ya hesabu ya jana yakibaki katika bafa isiyosafishwa, jawabu la leo hutoka limepotoka na bado lina sura ya jawabu. Ndiyo sababu elimu ya kuiuliza bafa, iliyoanza kama ufundi wa michoro, ilikuwa amana kubwa kuliko walivyodhani walioianzisha.

Vyombo vya kuulizia navyo viliongezeka. Mwaka 2012 OpenGL 4.3 iliingiza njia ya mtambo kupeleka maonyo kwa mtunga programu bila ya kungoja kuulizwa. Chombo kiitwacho RenderDoc, ambacho msimbo wake uliwekwa wazi kwa watu wote mwaka 2014, huikamata fremu moja na kuonyesha kila bafa ya uani hatua kwa hatua. Kisha mwaka 2016 zikaja kanuni za Vulkan, nazo zikageuza hesabu: mtambo hauchunguzi sana, bali mtunga programu hutamka mwenyewe kila bafa itaandikwa lini, itasomwa lini, na katika hali gani. Ukaguzi umewekwa katika tabaka la pembeni, linalowashwa wakati wa kujenga na kuzimwa wakati wa kutumia. Uhuru umeongezeka, na pamoja nao wajibu. Kwa maana asiyewasha tabaka hilo amerudi kwa hiari yake katika ukimya ambao wenzake walihangaika miaka mingi kuuvunja.

Nguvu ya mitambo itazidi, na vyumba vya uani vitaongezeka hata visihesabike. Lakini wingi wa vyumba si wema wake. Shoup alipoandika kwamba mtambo wake unafanya kazi kwa namna fulani, alikuwa akitazama kila alichokuwa nacho. Warithi wake hawawezi kutazama kila walicho nacho. Wanachoweza ni kuhakikisha kwamba hapana sehemu ya kazi yao isiyoweza kuulizwa, na kwamba wao wenyewe hawachoki kuuliza.